Paka wa Harvard wasiwe kisingizio cha kumnyima mtoto upasuaji

Ukizungumzia macho ya watoto na wataalamu, muda si mrefu mtafika kwa paka wa Harvard, chuo kikuu cha Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa huko David Hubel na Torsten Wiesel waliwashona paka wachanga kope za jicho moja, wakaliacha limefungwa kwa wiki kadhaa, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima kabisa. Ila katika sehemu ya ubongo inayopokea picha, karibu seli zote zilikuwa zimehamia upande wa jicho lililobaki wazi. Paka mkubwa aliyefungwa jicho vivyo hivyo hakupata madhara hayo. Kazi hiyo iliwapatia Nobel mwaka 1981, na ikawaachia madaktari wa macho somo ambalo bado limesimama: kuna kipindi cha utotoni ambacho ubongo lazima upate picha safi, la sivyo utajipanga bila kuitegemea.

Somo hilo limeokoa macho mengi. Mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho kwenye jicho moja, wapasuaji hulenga kuiondoa ile lenzi yenye ukungu akiwa na umri wa wiki sita hivi. Baada ya hapo jicho lisilo na tatizo huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Jicho moja lina haraka kuliko mawili kwa sababu macho hugombania seli zilezile za ubongo, na likizubaa moja, mwenzake huzitwaa.

Hadi hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni na hatua inayofuata, ambapo watu huteleza kutoka "mapema ni bora" hadi "huyu ameshachelewa, tusihangaike naye".

Wanaoshikilia kwamba ukichelewa umekosa wana ushahidi mzito, tena unaotokana na binadamu. Nchini Kanada, mtafiti Daphne Maurer na wenzake waliwafuatilia watu waliozaliwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, wakafanyiwa upasuaji kati ya miezi 2 na 6 ya umri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba hata baada ya zaidi ya miaka 9 ya kuona, walitambua vizuri sura zilizotofautiana macho au mdomo, lakini walishindwa pale tofauti ilipokuwa nafasi tu, yaani jicho limesogea kidogo kutoka jicho jingine au mdomo umekaa mbali kidogo na pua. Miezi michache tu ya giza, katika umri ambao mtoto mchanga haoni vizuri hata akiwa mzima, iliacha alama ya kudumu. Mwaka 2017 kikundi cha Margaret Livingstone, hukohuko Harvard, kilieleza habari za kima waliolelewa bila kuona sura yoyote, huku walezi wao wakivaa vinyago vya mafundi wa kuchomea vyuma. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia sura hazikujitokeza kwa kima hao. Zile za mikono zilikuwepo, maana mikono waliiona kila siku.

Ila ushahidi hauelekei upande mmoja. Huko Japani, Yoichi Sugita naye aliwalea kima bila sura, wengine hadi miaka miwili, na mwaka 2008 akaripoti kwamba walipoonyeshwa picha kwa mara ya kwanza walipendelea sura kuliko vitu vingine. Kima wa Harvard walitazama zaidi mikono. Sidhani tafiti hizi mbili zimepatanishwa vya kutosha, na anayenukuu mmoja na kuuficha mwingine anatuuzia msimamo wake. Kwa binadamu, kuna Wakorea waliopelekwa Ulaya kuasiliwa wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 9. Walipopimwa ukubwani nchini Ufaransa, walizitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia, kinyume na Wakorea waliokulia kwao. Kwa hiyo uzoefu uliokuja baada ya miaka mitatu, hata zaidi, ulitosha kugeuza kile kilichokwisha kujengeka.

Kisha kuna India. Mradi wa Prakash, ulioanzishwa na Pawan Sinha, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, huwatafuta watoto waliozaliwa vipofu kwa sababu zinazotibika, huwapeleka kufanyiwa upasuaji, kisha hufuatilia wanavyojifunza kuona. Mwanzoni wengi huona vipande tu. Kivuli kwenye mpira huwa kitu kimoja, mpira kitu kingine. Picha mbili zilizopishana huzihesabu kama vitu vitatu, kwa kuwa pale zinapokutana huonekana kama kitu cha tatu. Lakini kitu kikitembea, vipande vinavyokwenda pamoja huanza kuungana, na kwa miezi mtoto hujifunza kuunganisha hata picha iliyotulia. Katika jaribio la mwaka 2011, watoto wa miaka 8 hadi 17 walishindwa mara baada ya upasuaji kutambua kwa macho umbo walilokuwa wamelishika kwa mkono. Siku chache baadaye waliweza. Mwanamke mmoja aliyetibiwa akiwa na miaka 12 alipopimwa miaka ishirini baadaye alifanya vizuri katika majaribio mengi ya kutambua vitu na sura, ingawa macho yake yalibaki na uoni hafifu.

Huo uoni hafifu nao tusiufiche. Ukali wa kuona na ile hesabu ya nafasi usoni hufungwa mapema, kwa hiyo aliyechelewa hatasoma maandishi madogo kama wenzake. Lakini kutenganisha kitu na mazingira yake, kujua huu ni mlango na yule ni mtu, kunaendelea kufunzika kwa miaka. Anayezungumza kana kwamba kuna tarehe moja ya mwisho kwa kazi zote hizi anachanganya mambo ambayo ubongo wenyewe umeyatenganisha.

Hapa kwetu swali hili lina bei. Mwaka 2005 watafiti wa Moshi walichapisha kazi kuhusu ucheleweshaji wa watoto wenye mtoto wa jicho kufikishwa hospitali nchini Tanzania, na umbali ulikuwa miongoni mwa vikwazo. Mwenye bajeti ndogo anaweza kusema kwa haki kwamba shilingi ya kwanza iende kliniki ya mama na mtoto, muuguzi amulike mboni ya kila mchanga na kumpa rufaa yule mwenye weupe. Nakubaliana naye. Ila hoja yake ni ya kupanga foleni, na haimfuti mtoto wa miaka kumi ambaye tayari amekaa kwenye benchi la hospitali. Huyo anahitaji upasuaji, miwani, na mtu wa kumfuatilia miezi ile anayojifunza kuunganisha vipande. Ufuatiliaji ndio unaolegea zaidi, kwa kuwa umbali uliomchelewesha kuja ndio huohuo unaomzuia kurudi. Nauli ya safari ya pili na ya tatu ingepaswa kuwemo kwenye bajeti ya upasuaji tangu mwanzo.