Tupa Hivi, Nunua Vile, Uokoe Dunia

Mwezi uliopita nilimkuta wifi yangu ameketi sakafuni jikoni kwake, amezungukwa na vyombo vya plastiki. Vile vya kuhifadhia chakula, vyenye mifuniko ya bluu, alivyo navyo tangu aolewe na kaka yangu. Vizima vyote. Hakuna kilichopasuka, hakuna kilichopotelewa na mfuniko, na mnajua wenyewe huo ni muujiza wa kiwango gani. Alikuwa anavitia kwenye mfuko wa taka, kimoja kimoja.

"Wifi, vimekukosea nini?"

"Nimeamua kujali mazingira," akanijibu, wala hakutabasamu.

Mezani palikuwa na boksi lililofika asubuhi ile. Ndani yake: mitungi ya kioo, mirija ya chuma na kiburashi cha kuisugulia, miswaki ya mwanzi, na mifuko minne ya pamba iliyoandikwa maneno ya kuipenda dunia. Kila kitu kimefungwa peke yake, na mitungi imezungushiwa plastiki ya vipovu isije ikavunjika njiani. Nikakaa kimya, sikutaka ugomvi. (Uongo. Nilisema mengi, na niliondoka bila kuagwa.)

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kooni, kwa hiyo mtanivumilia.

Ni nani aliyetufundisha kwamba mtu akishaanza kujali mazingira, kazi ya kwanza ni kwenda kununua? Chombo cha plastiki kilichomo kabatini mwako kimeshamaliza madhara yake makubwa. Mafuta yalishachimbwa, kiwanda kilishachoma umeme wake, lori lilishakisafirisha. Ukikitupa leo hakuna hata tone la mafuta litakalorudi ardhini. Utakachopata ni takataka mpya, kisha unaagiza kiwanda kingine kiyeyushe mchanga kwa moto wa zaidi ya nyuzijoto 1,000 ili upate mtungi wa kufanya kazi ileile iliyokuwa inafanywa na chombo ulichokitupa. Halafu unaupiga picha.

Najua jibu lake, maana alinijibu: "Si vitarejelezwa?" Wifi wangu. Watafiti walikaa wakapiga hesabu ya taka zote za plastiki ambazo binadamu alikuwa amezizalisha hadi mwaka 2015, wakaichapisha mwaka 2017. Zilizorejelezwa ni kama asilimia 9. Nyingine kama asilimia 12 zilichomwa, na zilizobaki ziko dampo au zimezagaa huko nje. Kwa hiyo vyombo vyako, mama, usiniambie vinakwenda kuzaliwa upya.

Tuje kwenye ile mifuko ya pamba, maana hapo ndipo na mimi nina dhambi. Niliporudi nyumbani nimefura, nilifungua mlango wa stoo nikahesabu ya kwangu. Ishirini na mitatu. Mingine ya semina, mingine ya zawadi, mingine nimeinunua dukani kwa sababu ile ishirini nilikuwa nimeisahau nyumbani. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa utafiti unaolinganisha mifuko ya kubebea vitu. Mfuko wa pamba ya kawaida unahitaji kutumika mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki wa dukani kwa upande wa madhara ya tabianchi. Mara 52 si mbaya, ni mwaka mmoja wa kwenda kununua mahitaji kila wiki. Lakini ukiingiza madhara yote waliyoyapima, ikiwemo maji na mbolea za shambani na athari kwa tabaka la ozoni, hesabu inafika mara 7,100. Kwa safari moja ya kila wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 136. Mfuko utarithiwa na vitukuu.

Nakubali, shingo upande, kwamba utafiti ule haukuhesabu plastiki inayotupwa ovyo ikaishia baharini, na hilo si jambo dogo. Mfuko wa pamba haumkabi kasa. Basi, uwe nao. Mmoja, mwisho miwili, uutumie hadi uchakae, kisha uufanye tambara la kufutia meza. Mimi na mifuko yangu 23, hata kwa ile hesabu nyepesi ya mara 52 kila mmoja, nadaiwa safari 1,196 za kununua mahitaji. Nitakuwa kikongwe.

Kuna mahali hoja yangu inagoma, na niseme mwenyewe kabla hamjaniwahi. Kitu kinachokula umeme au mafuta kila siku hakifanani na chombo kinachokaa kabatini. Balbu ile ya zamani, ya waya unaowaka, sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kuwa joto. Balbu ya LED inatoa mwanga uleule kwa takribani robo ya umeme, au pungufu. Hiyo itoe hata kama bado inawaka, usiionee huruma. Vitu vingine, subiri vife vyenyewe. Mswaki wa plastiki umalize kwanza, ndipo ununue huo wa mwanzi ukipenda. Mrija, kwa mtu mzima mwenye afya njema, sioni hata haja yake. Midomo tulipewa bure.

Na simu. Simu mnabadilisha kila mwaka halafu mnajisifia mirija ya chuma. Sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu hutokea kabla hujaiwasha mara ya kwanza: kuchimba madini, kutengeneza vipuri, kuunganisha. Badilisha betri, vumilia ufa wa kioo. Mwaka mmoja zaidi na simu uliyo nayo una faida kuliko yote yaliyokuwemo kwenye lile boksi la wifi.

Mazoea yenyewe ya maana hayana picha nzuri, ndiyo maana hakuna anayeyauza. Funika sufuria. Maji yakishachemka punguza moto, kwa sababu maji yanayochemka taratibu na yanayotokota kwa fujo yana joto lilelile. Ile gesi ya ziada inatengeneza mvuke tu. Chemsha maji ya kikombe kimoja kama unakunywa kikombe kimoja. Fua kwa maji baridi. Badilisha raba ya bomba linalodondosha, hiyo ambayo umeahidi kuibadilisha tangu mwaka jana.

Na chakula. Hapa sitanii. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Sio hotelini, sio madukani. Kwetu. Kikifika dampo kinafukiwa, kinaozea pasipo hewa, na kinatoa methani, gesi inayoshika joto angani kuliko kabonidayoksaidi kwa zaidi ya mara 25 ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Nimewahi kumwaga sufuria nzima iliyochacha kwa sababu niliona uvivu kuiingiza kwenye friji usiku, na harufu yake asubuhi sijaisahau. Tangu hapo nina kanuni moja: sitoki kwenda kununua kitu kabla sijafungua friji nikaona nini kinakaribia kufa. Kiporo kinaliwa kwanza. Watoto wanalalamika, na wanakula.

Kuna watu watasema haya yote ni kupoteza muda, wenye makosa ni makampuni makubwa. Wana haki kiasi. Ule mtindo wa kila mtu kupima nyayo zake za kaboni, yaani hesabu ya gesi chafu anazosababisha kwa maisha yake, ulitangazwa kwa nguvu miaka ya 2000 na BP, kampuni ya mafuta, kwa kampeni ya matangazo ya gharama kubwa. Wachimba mafuta wakatuuliza sisi tunaoga dakika ngapi. Hilo linanikera kuliko hata boksi la wifi. Lakini nimegundua wanaoisema sana hoja hii huisema wakiwa wanaacha taa za vyumba vitano zinawaka, na kampuni ya mafuta haimkatazi mtu kuzima taa.

Basi, ule mfuko wa taka wenye vyombo vya wifi nilimnyang'anya siku ileile. Niliubeba kwa hasira, mifuniko ikigongana njia nzima, watu wananiangalia. Vyombo 14, vyote viko jikoni kwangu na vyote vinafanya kazi.

Juzi wifi akaja kunitembelea. Tumepatana, ndugu hawakatani. Akanieleza kwa unyonge kwamba mtungi mmoja wa kioo umeshavunjika na mingine ni mizito, hata kazini haibebeki. Chakula kilikuwa kimebaki kingi, nikamfungia cha kwenda nacho, nikachagua makusudi kile chombo kikubwa chenye mfuniko wa bluu. Akakigeuzageuza, akaubonyeza mfuniko kusikia unavyobana.

"Hiki kizuri wifi, hakivuji. Ulikipata wapi?"

Nimemwambia anirudishie chombo changu Jumapili.