Kabla ya Kunyima Jibini, Pima Mafuta

Mazungumzo yoyote kuhusu madonge ya makaroni na jibini, yale yanayoviringishwa kwenye chenga za mkate kisha kukaangwa hadi yageuke rangi ya dhahabu, huishia kwenye hukumu moja: makaroni yananenepesha, jibini ni mafuta matupu, yaacheni. Nakataa. Nakataa kwanza kwa sababu hesabu haisemi hivyo. Halafu mtu akiambiwa aache kitafunwa anachokipenda kwa sababu isiyo ya kweli, atakirudia tu, na atakirudia bila kujua anakula nini.

Kwa maoni yangu, kalori zilizo rahisi kuondoa kwenye madonge haya ziko nje, kwenye ganda na kwenye mafuta ambayo ganda limeyanywa. Anayeanza kwa kunyima jibini anaharibu ladha mapema na kuacha mzigo mkubwa pale pale ulipokuwa.

Chukua kipimo cha kutoa madonge 30, kila moja la gramu 50 hivi. Makaroni makavu gramu 250 yana kalori 900. Jibini la cheddar gramu 250 lina 1,000. Sosi nyeupe inataka siagi gramu 30 (kalori 215), unga wa ngano gramu 30 (110) na maziwa yasiyopunguzwa mafuta mililita 400 (250). Kiini chote kimefika 2,475, chini kidogo ya 83 kwa donge. Sasa livalishe ganda: unga mkavu gramu 40 (145), mayai mawili (140), chenga za mkate gramu 120 (470). Ganda limeongeza 755 na bado hatujawasha jiko. Tukichukulia kwamba madonge yote kwa pamoja yatakunywa gramu 120 za mafuta yakikaangwa, hizo ni 1,060 nyingine. Jumla ni 4,290, yaani 143 kwa kila donge.

Zitazame tena namba hizo. Mafuta ya kukaangia yamelipita jibini. Makaroni, yanayobeba lawama zote, yako nafasi ya tatu. Ganda na mafuta kwa pamoja ni 1,815, zaidi ya asilimia 40 ya kila kitu kilichomo sahanini. Sababu iko kwenye kanuni tuliyoachiwa na mkemia wa Marekani Wilbur Atwater tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo bado ndiyo msingi wa namba tunazosoma kwenye pakiti: gramu ya wanga au ya protini inahesabiwa kalori 4, gramu ya mafuta 9. Ndiyo maana makosa madogo kwenye mafuta huwa makubwa kwenye jumla, ilhali makosa ya namna hiyohiyo kwenye unga hayaonekani.

Namba za kiini hazina ugumu, mradi upime kwa mizani na uache vikombe. Mtego mmoja tu unanasa wengi: makaroni yaliyochemshwa si makaroni makavu. Gramu 100 makavu zina kalori karibu 360, nazo zikiiva hunywa maji na kufika gramu 220 hadi 250. Ukipima yaliyoiva kisha ukatumia namba ya makavu, umeongeza zaidi ya mara mbili. Pima yakiwa makavu, kabla ya sufuria, na suala hilo limekwisha.

Mafuta ndiyo yanayohitaji bidii, maana hayaandikwi popote na hayaonekani kwa macho. Njia ya kuyajua ni hii. Pima karai pamoja na mafuta yake kabla ya kuwasha moto. Kaanga. Yakishapoa kabisa pima tena karai na mafuta. Tofauti ya vipimo viwili ni mafuta yaliyotoka. Pima pia karatasi za jikoni kabla na baada ya kuchujia, kwa sababu yaliyobaki kwenye karatasi hayakuliwa na mtu. Toa hayo, kinachosalia kimo ndani ya madonge. Chenga zilizodondoka ndani ya karai zitavuruga hesabu kidogo, kwa hiyo zitoe kwa chujio kabla ya kupima. Vilevile sahani ya chenga na bakuli la mayai: pima mwanzo, pima mwisho. Kinachobaki kwenye sahani si chako kukihesabu. Najua kazi hii inaonekana ndefu, lakini unaifanya mara moja kwa kila pishi, kisha namba unayo.

Sasa kwa nini ganda linywe mafuta mengi siku moja na machache siku nyingine? Donge likiwa ndani ya mafuta ya moto, maji yaliyo kwenye ganda yanageuka mvuke na kusukuma kuelekea nje, na mvuke huo ndio unaozuia mafuta yasiingie. Shida huja unapolitoa. Ganda linaanza kupoa, mvuke uliomo kwenye vitundu vyake unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyoganda juu yanafyonzwa ndani. Sehemu kubwa ya mafuta huingia wakati huo, donge likiwa tayari limeshatoka karaini. Sekunde za mwanzo baada ya kutoa zina thamani kubwa, basi. Litikise juu ya karai, liweke mara moja kwenye karatasi, ligeuze, kisha lihamishie kwenye wavu wa waya ili mvuke utoke chini pia. Ukiyarundika madonge kwenye bakuli la kina kirefu, yanalala kwenye mafuta ya wenzao na ganda linalegea.

Joto nalo. Nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi zinafaa, na kipimajoto cha jikoni kinastahili nafasi yake. Ukitumbukiza madonge mengi kwa mpigo, hasa yaliyotoka kwenye friji, joto linaporomoka, ganda linachelewa kukauka na donge linakaa ndani muda mrefu likisubiri rangi. Matokeo yake ni mafuta mengi zaidi. Fanya madonge yetu 30 yanywe gramu 200 badala ya 120, na kila moja linapanda kutoka kalori 143 hadi 167. Anayekula sita ameongeza karibu kalori 145, sawa na donge la saba ambalo hakulionja.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likisemwa, nalo ni ukubwa. Watu hutengeneza vidonge vidogo wakiamini ni vyepesi. Kimoja kimoja ndiyo, ila kwa uzito uleule ni kinyume. Donge la gramu 50 lina kipenyo cha karibu sentimita 4.5. Gawanya mchanganyiko uleule katika vidonge vya sentimita 3 na badala ya 30 utapata karibu 100, na eneo lote la nje litaongezeka kwa nusu. Hiyo ni nusu zaidi ya sehemu ya kushika chenga na kunywa mafuta. Vidonge vidogo pia huliwa bila kuhesabiwa. Mimi ningetengeneza makubwa, niweke manne sahanini na niyale kwa utulivu.

Haya, tupunguze. Kwanza toka kwenye karai uende kwenye oveni au kikaangio cha hewa moto, ambacho kwa hakika ni oveni ndogo yenye feni kali. Kipingamizi ninachokisikia ni kwamba ganda linatoka jeupe na gumu. Linatoka hivyo kwa sababu chenga zimeingia zikiwa mbichi. Zikaange kwanza kwenye kikaango kwa gramu 30 za mafuta, ukikoroga bila kuacha hadi zigeuke rangi na kunukia, ziache zipoe, ndipo uviringishe. Rangi na mlio wa ganda vimeshapatikana kabla ya oveni, na oveni inabaki na kazi ya kupasha kiini. Mafuta yameshuka kutoka kalori 1,060 hadi 265. Jumla sasa ni 3,495, au 117 kwa donge.

Ganda lenyewe halihitaji tabaka tatu. Mchanganyiko ukilazwa kwenye friji usiku kucha unakuwa mgumu na mayai yanaushika bila unga mkavu. Acha unga huo: 145 zimeondoka. Chenga laini hufunika kwa wembamba kuliko zile kubwa, hivyo gramu 90 zinatosha badala ya 120: nyingine 115 hivi. Kisha ingia kwenye sosi. Siagi na unga vimo kwa ajili ya kuifanya nzito, na kazi hiyo inafanywa vilevile na gramu 20 za wanga wa mahindi zilizokorogwa kwenye maziwa baridi kabla ya kuchemka. Tofauti ni kalori 250. Kwenye madonge haya sikosi ile siagi hata kidogo, kwa sababu jibini linaifunika.

Piga jumla: 2,985. Donge lililokuwa 143 sasa ni 100, na hatujagusa hata gramu moja ya jibini.

Anayetaka kwenda mbali zaidi sasa ana haki ya kulitazama jibini, ila asikimbilie lile lililopunguzwa mafuta. Jibini likinyang'anywa mafuta, protini zake hushikana kwa nguvu likipata moto, na unachopata ndani ya donge ni kitu kinachotafunika kama raba. Afadhali upunguze kiasi na uongeze ukali. Cheddar iliyokomaa miezi mingi ina kalori zilezile kwa gramu, lakini ladha yake inafika mbali, na kijiko kidogo cha haradali kwenye sosi kinaisukuma zaidi. Gramu 180 za jibini la namna hiyo zinatosha mahali pa 250, na donge linashuka hadi karibu 90. Kuhusu kubadilisha nusu ya makaroni kwa koliflawa, kalori zinapungua kweli, lakini hapo umepika kitu kingine, na ni vyema ukiite kwa jina lake.

Madonge ya pakiti yana tatizo lake. Mengi yameshakaangwa kidogo kiwandani kabla ya kugandishwa, kwa hiyo ukiyaoka nyumbani usidhani umekwepa mafuta, yamo. Soma safu ya gramu 100, uyapime mwenyewe, na uangalie kama namba ni ya chakula kabla au baada ya kupikwa. Ukiyakaanga yale yaliyokusudiwa kuokwa, namba ya pakiti haikuhusu tena. Hata namba hiyo ina uhuru wake: nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, huvumilia kalori halisi kuzidi zilizoandikwa hadi kwa asilimia 20. Ukiwa mezani kwa mtu mwingine na huna mizani, kadiria kalori 3 kwa kila gramu ya donge lililokaangwa kwenye mafuta mengi. Usisahau kibakuli cha pembeni. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonesi kina karibu kalori 100, sawa na donge zima la oveni, ilhali mtindi mzito wenye ndimu na kitunguu saumu hauna hata nusu ya hizo.

Na kwa wanaoandika mapishi nina ombi. Mnaandika "mafuta ya kukaangia" bila kipimo, kisha chini mnaweka kalori kwa kila mtu. Namba hiyo imetoka wapi? Programu ya kuhesabu ikiambiwa lita moja ya mafuta, itaongeza zaidi ya kalori 8,000 ambazo hakuna atakayezila. Isipoambiwa kitu, itafuta robo ya kalori zilizomo. Anayepima sukari yake ya damu, anayejitahidi kupunguza uzito na anayejitahidi kuongeza baada ya kuugua, wote wanaitegemea namba hiyo. Pimeni karai kabla na baada, mwandike gramu zilizonywewa, joto mlilotumia na ukubwa wa donge.