Miaka miwili ya JKT isiishie kwenye bahasha ya kaki

Vijana wengi wa mkoa wetu wanaomaliza mafunzo ya kujitolea ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, wanakosa ajira za serikali kwa sababu ambazo zingeweza kuondolewa kabla hawajavua kombati. Nimekaa nao, nimewasomea matangazo, nimewasaidia kujaza maombi, na jambo hili linaniuma.

Hapa Tanga tuna Maramba kule Mkinga na Mgambo kule Handeni. Kijana anaingia kwa hiari, anakaa miaka miwili: kwata, shamba, ujenzi, lindo. JKT hueleza wazi inapotangaza nafasi hizo kwamba haitoi ajira wala haihusiki kuwatafutia vijana ajira, inawapa mafunzo ya kujitegemea. Lakini mzazi akishasema "mwanangu yuko jeshini", hesabu zote za nyumbani zinapigwa upya. Baadhi huchukuliwa na vyombo vya ulinzi. Waliobaki wanarudi Makorora, Pongwe, Muheza, Korogwe, na cheti chao kimewekwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki.

Halafu linatoka tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwa kawaida muda wa kuomba ni wiki mbili hivi. Nenda steshenari za Ngamiani wakati huo uone foleni. Mmoja cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi, cha kidato cha nne kimeandikwa Khamis, sasa anaulizia wakili wa kumwandalia hati ya kubadilisha jina. Mwingine namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hana. Siku za mwanzo zote zinaishia kwenye kutafuta karatasi, na siku ya mwisho mtandao umeelemewa.

Kinachonisikitisha zaidi ni CV. Steshenari nyingi zina CV moja kwenye kompyuta. Mteja akija linabadilishwa jina, mengine yanabaki vilevile. Nilisoma ya kijana mmoja aliyeshinda karakana ya kambi akichomelea mageti na kukarabati matrela ya trekta. Karatasi yake ilisema anaweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu na anapenda kutazama mpira. Kuchomelea hakukuandikwa popote. Wadhamini wake watatu walikuwa majirani, wakati afande aliyemsimamia karakana, mtu anayeijua kazi ya mikono yake, hakutajwa. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, wanataka vyeti, hawataki hadithi." Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea ajira hizi, ina sehemu ya uzoefu wa kazi na sehemu ya mafunzo, na zote mbili alikuwa ameziacha wazi.

Hata hivyo ana hoja. Chukua kada ya Dereva Daraja la II, ambayo vijana wengi huikimbilia. Tangazo hutaka cheti cha kidato cha nne, leseni daraja la E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Kijana aliyeendesha trekta na lori la kambi akirudi hana leseni hiyo wala cheti hicho, anachujwa mapema, na anayemchuja hana kosa, kwa sababu anasoma kilichoambatishwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa vitendo, mapungufu yake yanazibwa, anapewa cheti. Mafundi wengi wa mitaani wamenufaika nao. VETA Tanga ipo, makambi yapo mkoa huohuo. Miezi ya mwisho kabla ya kufunga mafunzo, wapimaji waende Maramba na Mgambo, wawapime waashi, wachomeleaji, madereva na mafundi bomba. Kijana atoke na cheti cha JKT na cha ufundi. Ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5 ulijengwa kwa nguvu za vijana hawahawa, na nchi nzima iliusifu. Watu waliopewa kazi ya namna ile hawastahili kurudi uraiani bila karatasi inayosema wanajua kujenga.

Wanafunzi wa vyuo nao wana kisa chao. Wengi hudhani wakishaona matokeo wanaweza kuomba. Matangazo husema wazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita havikubaliki, vinatakiwa vyeti vyenyewe. Mdogo wangu uliye mwaka wa mwisho, cheti chako cha sekondari kama bado kiko shuleni kifuate sasa hivi. Kama umesoma nje ya nchi, anza mapema kushughulikia ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Na tafadhali, akaunti ya Ajira Portal ifungue mwenyewe, kwa barua pepe yako na nenosiri unalolijua wewe. Nimeona watu waliofunguliwa akaunti kwa barua pepe ya mwenye duka. Kijana anaitwa kwenye usaili, taarifa inaingia kwenye akaunti ambayo hawezi kuifungua, anakuja kujua wenzake wameshafanya mchujo. Inauma kuliko kufeli. Na ukifaulu usaili nafasi zikawa chache, jina lako linaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata, ukapangiwa kituo baadaye bila kuomba upya. Utaarifiwaje kama simu iliyoandikwa si yako?

Kuhusu askari walioacha jeshi kwa mkataba kuisha, mlango haujafungwa, ila umri unawabana. Matangazo mengi huweka kikomo cha miaka 45 kwa asiye mtumishi wa serikali. Aliyestaafu utumishi wa umma haruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Afande aliyetoka na miaka thelathini na kitu bado ana muda, asiumalizie kwenye ulinzi wa maghala huku akisema ataomba mwakani.

Wabunge na madiwani wa Mkinga na Handeni hualikwa kwenye sherehe za kufunga mafunzo, wanatoa hotuba, wanapiga picha na vijana. Naomba sherehe ijayo wamuulize mkuu wa kikosi swali moja: kati ya vijana hawa waliosimama kwenye gwaride, wangapi wana namba ya NIDA, wangapi wamepimwa na VETA, na wangapi wana akaunti ya Ajira Portal iliyokamilika? Jibu lisiporidhisha, walipeleke kwa mkuu wa mkoa na kwa meneja wa VETA kabla kundi lijalo halijaingia.