Neverball, gemu ya bure isiyovizia mfuko wako

Siku hizi ukimwambia mtu "gemu ya bure", anawaza zile za kwenye simu. Unapakua, unacheza dakika mbili, linakuja tangazo. Unacheza tena, "maisha" yameisha, subiri nusu saa au toa hela. Tumezizoea kiasi kwamba hatuulizi tena ni bure gani hiyo. Mimi nataka kuitetea bure ya aina nyingine, na shahidi wangu ni Neverball, gemu ya kuviringisha gololi kwenye kompyuta iliyoanzishwa na Robert Kooima mwaka 2003. Hulipii chochote, haina duka ndani yake, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi chini ya leseni ya GPL: unaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuwagawia wenzako.

Kanuni zake zinaelezeka kwa pumzi moja. Kuna sakafu inayoelea hewani, gololi juu yake, sarafu zimetapakaa, na saa inahesabu kurudi nyuma. Sarafu ya njano ni 1, nyekundu ni 5, ya bluu ni 10. Zikitimia zinazotakiwa, lango linafunguka, na kazi yako ni kuifikisha gololi pale kabla muda haujaisha.

Utamu uko kwenye uendeshaji. Gololi yenyewe huigusi kabisa. Mausi inainamisha sakafu, na gololi inafuata mteremko, kama limau juu ya sinia ulilobeba mikononi. Sukuma mausi mbele kidogo tu: dunia nzima inalala kuelekea mbele, gololi inaanza kujivuta, halafu inachanganya mwendo, na ikishachanganya ndipo unapokumbuka kwamba hakuna breki. Anayetaka isimame karibu na ukingo aanze kuinamisha kinyume ingali mbali. Mgeni hufanya vilevile kila mara: anauona ukingo, anashtuka, anavuta mausi kwa nguvu, sakafu inabinuka, gololi inarudi kwa kasi kuliko ilivyokwenda na kudondokea upande wa pili. Na hapo bado hajafika kwenye madaraja membamba yasiyo na kuta, wala kwenye majukwaa yanayokwenda na kurudi, ambako unalazimika kuituliza gololi na kungoja huku saa inakimbia.

Ukianguka, unarudia palepale. Hakuna anayekuuzia nafasi ya pili. Ipo namna ya mashindano ambayo unaanza na gololi tatu na kupata nyingine kila ukifikisha sarafu 100, lakini hata zikiisha zote unaanza upya muda huohuo, kwa hiari yako. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha gemu: inakufanyia nini ukishindwa? Gemu nyingi za simu zimetengenezwa ili kushindwa kwako kuwe biashara ya mtu. Ugumu unapandishwa mahali ambapo wanajua utachoka na kufungua pochi. Kwenye Neverball ugumu umewekwa na mtu aliyedhani daraja lile litakuwa tamu kulivuka. Mara nyingine alikosea, na nitalisema hilo, ila hakuwa na cha kukuuzia.

Wazo la gololi halikuanzia hapa. Marble Madness ya kampuni ya Atari, iliyobuniwa na Mark Cerny, ilitoka mwaka 1984 kwenye mashine za kutumbukizia sarafu. Huyohuyo Cerny baadaye akawa msanifu mkuu wa PlayStation 4. Mwaka 2001 Sega wakaja na Super Monkey Ball, ambamo tumbili amefungiwa ndani ya mpira na mchezaji anainamisha sakafu. Neverball imechota waziwazi kwenye kisima hicho. Wapo wanaoibeza kwa sababu hiyo, wakisema programu huria, hizi zenye msimbo ulio wazi, kazi yake ni kuiga. Sawa, tumbili hayumo, na wazo ni la Sega. Lakini gemu ya Sega ilikuwa ya kucheza tu. Hii unaweza kuifungua tumbo.

Nikupe mfano mmoja. Nimesema sakafu inainama. Ukisoma msimbo unakuta haiinami! Hatua yenyewe, yaani uwanja unaouchezea, imetulia tuli. Kinachopindishwa ni mwelekeo wa uvutano unaoisukuma gololi, kisha picha inachorwa ikiwa imelala ili macho yako yaamini kwamba sakafu ndiyo iliyosogea. Ni ujanja wenye akili, kwa sababu ni rahisi zaidi kugeuza mshale mmoja wa uvutano kuliko kugeuza kila ubao, kila sarafu na kila jukwaa linalotembea. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayehangaika na vekta kwenye somo la fizikia angeiona vekta ikifanya kazi mbele yake, na angeweza kubadili namba akaona gololi inavyochanganyikiwa. Gemu za kulipia hazikupi nafasi hiyo, na zile za bure za kwenye simu ndiyo kabisa.

Hatua nazo ni hivyohivyo. Kila moja huanza kama faili la maandishi la ramani, la aina iliyotumika kwenye Quake, zile gemu za kupiga risasi, linalochorwa kwa programu kama GtkRadiant. Kisha chombo kidogo kinachoitwa mapc hulisaga na kutoa faili ambalo gemu inalisoma. Ndiyo maana Neverball ina seti za hatua zilizotengenezwa na watu mbalimbali, na ladha zao zinatofautiana sana.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu. Baadhi ya hatua ngumu ni ukatili mtupu: njia ya upana wa gololi yenyewe, kona bila ukingo, na muda mchache. Kamera inazungushwa kwa vibonye vya mausi wakati mkono huohuo unainamisha sakafu, jambo ambalo linakera hadi vidole vizoee. Sura yake ni ya miaka ya 2000, na aliyezoea michoro ya leo atakunja uso. Hayo yote ni kweli, na bado yanakuja na faida moja: kompyuta ya zamani inaimudu, na ukishaisakinisha haihitaji bando.

Sisi tunaotumia Kiswahili tulitambulishwa programu huria kupitia kazi za ofisini. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, matunda ya mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini barua na majedwali havijawahi kumfanya kijana akeshe. Mwalimu wa kompyuta akitaka wanafunzi wake waelewe maana ya kuwa na haki juu ya programu, hotuba ya leseni itawasinzisha. Awape gololi kwanza. Wakianza kugombana kwamba hatua fulani haiwezekani, awaonyeshe faili la ramani na kuwaambia walipanue lile daraja wenyewe.

Kwenye Debian na Ubuntu, mifumo ya kompyuta ya familia ya Linux, Neverball iko kwenye hazina ya programu, na kwa Windows na Mac ipo pia. Anza na seti ya Neverball Easy, hata kama unajiona mkali. Ukichoka na saa, jaribu Neverputt, gofu ndogo iliyojengwa juu ya mitambo hiyohiyo, mnapokezana mausi watu hadi wanne. Seti ya Hard iache kwa wenye roho ngumu.