Chale za Bibi na Programu Inayobahatisha

Kijana mmoja aliniletea picha ya bibi yake mzaa mama. Nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, imekaa imekunjwa miaka mingi mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo. Mkunjo wenyewe umepita juu ya shavu la kushoto. Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala, na uso wake una chale: mistari yenye pembe iliyopangwa mashavuni, mingine kwenye paji la uso. Kijana alitaka picha kubwa ya kutundika ukutani.

Nikaiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, kisha, kwa uvivu ninaoukiri, nikaitupia kwenye programu ya akili mnemba ya kurudisha nyuso zilizochakaa. Haikuchukua hata nusu dakika. Mkunjo ukaisha. Chale nazo zikaisha. Ngozi ikawa laini kama ya binti wa tangazo la sabuni, na ndani ya mboni ukatokea mng'ao wa taa ambayo siku ile haikuwepo. Kijana akaitazama, akanitazama.

"Kaka, kapendeza. Ila huyu si bibi."

Sisi tunaokula kwa kuediti picha tuna ubishi usiokwisha. Waliojifunza kazi kwa stempu na brashi, zana za kurekebisha kwa mkono ndani ya programu ya Photoshop, wanasema hizi programu mpya ni za uongo. Vijana wanajibu kwamba mzee anayekaa saa tatu kwenye picha moja anajitesa bure, maana mteja hailipi hata hiyo saa ya pili. Kila upande una hoja yake, na kila upande, kwa maoni yangu, umechora mstari kati ya kutengeneza na kudanganya mahali pasipo pake.

Kwanza kilichompata bibi. Programu za aina hii, kwa mfano GFPGAN iliyotoka mwaka 2021, hufundishwa kwa mkusanyiko uitwao FFHQ: picha 70,000 za nyuso zilizookotwa Flickr, mtandao wa watu kupakia picha zao. Ukiipa uso ulioharibika, inabahatisha ni uso gani ungekaa vizuri hapo, kwa kadiri ya nyuso ilizowahi kuona. Sasa niambie, ni mabibi wangapi wa Newala waliopakia picha zao Flickr? Kwa programu ile, mstari mweusi shavuni ni mkwaruzo kama mikwaruzo mingine. Ikausafisha.

Nikarudi kwenye skani na kuanza upya kwa mkono. Leya mpya, yaani tabaka tupu juu ya picha, ili ya asili isiguswe. Stempu ya kunakili kwanza: unashika Alt, unabonyeza mahali pazima, unahamishia palipochanika. Hiyo ni kwa kingo, kama pindo la kanga na mstari wa taya, mahali ambapo brashi ya kuponya huchafua na kuacha kitu kama tope. Brashi ya kuponya, iliyokuja na Photoshop 7 mwaka 2002, ni ya kwenye ngozi: chembechembe inazichukua ulikochagua, lakini rangi na mwanga inafuata vya pale unapopaka. Kwa shavu la mtu mzima ndiyo yenyewe.

Chale saba zilikatwa na mkunjo. Sita zilionekana ncha zote mbili, nikaziunga. Ya saba iliingia kwenye mkunjo na haikutokea ng'ambo. Je, iliishia humo? Ilipinda? Ningeweza kuligeuza shavu la kulia kama kwenye kioo nikalibandika kushoto, na sikufichi, mkono ulishafika kwenye menyu. Nikaiacha ififie palepale, nikamwambia kijana akaulize kwa wazee wake. Jumla, saa tatu kasorobo.

Hapa wakongwe wangenipigia makofi. Wasubiri kidogo.

Mkono umedanganya tangu zamani. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa picha akiwa bega kwa bega na bosi wake kando ya mfereji wa Moscow. Baada ya kuuawa mwaka 1940 alifutwa, mahali pake yakachorwa maji. Hakuna kompyuta iliyohusika. Februari 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada, miaka minane kabla Photoshop ya kwanza haijauzwa. Na Agosti 2006 shirika la habari la Reuters liliachana na mpiga picha Adnan Hajj baada ya kubainika kwamba moshi juu ya Beirut aliuongeza kwa kunakili. Stempu hiihii ninayoisifu. Tofauti ni kwamba stempu huacha nyayo. Vifundo vya moshi ule vilikuwa vinajirudia, kilekile na kilekile, na watu wa kawaida mtandaoni wakaviona kwa macho tu. Moshi wa akili mnemba haujirudii. Kila kifundo ni kipya, na ndiyo maana unatisha zaidi.

Tena si kila kubuni ni kudanganya. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa kuzikata sura za wateja wake na kuzipandikiza kwenye mandhari ya kubuni, bila kompyuta. Aliyetoka na picha ile mkononi alijua vizuri kwamba hakuwahi kufika huko. Aliiagiza hivyo na kuilipia.

Kwa hiyo umri wa chombo hauniambii kitu. Ninachouliza mimi ni kilichojaza tundu kimetoka wapi. Mwaka 2010 Photoshop CS5 ilipoleta ule ujazaji unaosoma picha yenyewe, watu waliuita uchawi, ingawa wenzetu wa GIMP, programu ya bure ya kuediti picha, walikuwa na kiongezi cha Resynthesizer kinachofanya kazi ya kufanana na hiyo tangu kabla. Vyote viwili vilikuwa mashine, lakini vilichota ndani ya fremu: nyasi za kuzibia tundu zilikuwa nyasi za uwanja uleule, siku ileile. Ujazaji wa akili mnemba uliotangazwa mwaka 2023 unachota nje. Unaleta nyasi ambazo hazijawahi kuota popote.

Kwa nyasi, sawa. Mimi mwenyewe nautumia karibu kila wiki. Nguzo ya turubai imechomoza nyuma ya kichwa cha bibi harusi, waya wa umeme umekatiza ukuta wa matofali, spika ya MC imeingia kwenye kona. Kuufuta waya ule kwa stempu, tofali kwa tofali, ni adhabu, na sijaona mteja aliyepungukiwa kitu kwa sababu matofali mawili ni ya kubuni. Anayekataa chombo hiki kwa ajili ya heshima ya fani atakuta fremu za harusi nzima zinamsubiri, na mteja anapiga simu.

Kwa uso ni habari nyingine, na kwa picha ya habari ndiyo kabisa. Machi 2024 mashirika makubwa ya habari, AP, AFP na Reuters yakiwemo, yaliiondoa picha ya Kate, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, akiwa na watoto wake, kwa sababu ya hitilafu ndogo ya mkono wa sweta ya mtoto. Kilichoharibika ni kipande cha nguo, lakini kuanzia hapo hakuna aliyeiamini hata sehemu ambayo haikuguswa.

Mstari wangu una tundu pia, na fundi mmoja mzee alinionyesha. Zamani za mkanda, alisema, mtu wa studio alichonga penseli mpaka iwe kama sindano, akapaka negativu, ule mkanda ambao picha huchapwa kutoka kwake, dawa ya kushikisha, akachora juu yake kufuta makunyanzi na makovu. Risasi ya penseli haikutoka ndani ya fremu. Nayo utasemaje? Nikakosa jibu zuri. Nilichoweza kumwambia ni kwamba aliyeshika penseli alikuwa amemweka mteja kwenye kiti, amemuona, na kabla ya kufuta kovu alijua kwamba ni kovu. Ulikuwa uamuzi wa mtu, hata ulipokuwa mbaya.

Na ulikuwa mbaya mara nyingi. Tunalalamika kwamba programu mpya zinang'arisha ngozi bila kuulizwa, ni kweli, lakini mambo haya hayakuanza jana. Kadi ambazo maabara za picha zilitumia kupimia rangi za filamu ya Kodak zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, miaka mingi. Na maharusi wanaoniambia "kaka, nipunguze weusi kidogo" hawakufundishwa na mashine. Ninapofanya hivyo kwa ile zana ya kuangaza, ambayo mpaka leo alama yake ni kidude chenye mpini kama kile cha kukingia mwanga kwenye chumba cha giza cha kuchapia picha, nashika chombo cha kizamani kabisa, na matokeo yake ni yaleyale ya filta ya simu. Afadhali filta huwa haijidai fundi.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili. Nyumbani walimwambia chale ya saba ilikuwa inapinda kuelekea sikioni, ila mama mkubwa mmoja alibisha, akasema ilikuwa imenyooka. Basi tukaiacha ilivyo. Picha imechapwa na kuwekwa fremu. Kabla hajaondoka akaomba nimtumie na ile ya kwanza, ile laini, na nikamtumia. Juzi nimeiona kwenye stetasi yake ya WhatsApp, siku ya kumbukumbu ya bibi, watu wameijaza mioyo.