Nahodha Aliyeinua Mikono

Jumamosi iliyopita nilitazama mechi ambayo matokeo yake nimejitahidi kuyasahau, lakini kuna sekunde 6 za mechi hiyo ambazo zimekataa kunitoka kichwani. Kiungo kijana, ambaye bado hajazoea kuanza kikosini, alijaribu kumpenyezea nahodha wake pasi katikati ya mabeki wawili. Pasi ikawa fupi na mpira ukanaswa. Nahodha akasimama, akainua mikono yote miwili, akageukia jukwaa kana kwamba anatafuta mashahidi, kisha akabaki palepale huku wapinzani wakimpita, mmoja wao karibu kiasi cha kushikika jezi. Mpira ulipotikisa nyavu, mikono yake ilikuwa haijashuka vizuri.

Nilidhani baada ya kipenga cha mwisho angesemwa yeye. Aliyesemwa ni kijana: hana utulivu, hana ukomavu, aliharakishwa. Nahodha alisifiwa, tena kwa maneno yaleyale ambayo tumeyarudia mpaka yamepoteza ladha, kwamba "ana uchungu na timu".

Uchungu gani huo unaomruhusu mtu kusimama?

Tatizo letu ni kwamba tunaupima uchungu kwa macho na masikio. Tunamwona anayefoka, anayemfuata mwamuzi kwa kila faulo, anayejitupa chini kuuwania mpira ambao angeuchukua akitembea lau angekuwa amejipanga mahali pake tangu mwanzo. Mchezaji wa soka hukaa na mpira mguuni kwa dakika chache tu kati ya zile 90, na muda wote uliobaki ndio unaoonyesha ni mtu wa namna gani. Lakini muda huo hatuutazami, kwa kuwa macho yetu yanaufuata mpira.

Wanaopenda nahodha mkali hukimbilia kumtaja Roy Keane, aliyekuwa nahodha wa Manchester United, nami sina ugomvi na mfano huo, ila nawaomba wautaje mpaka mwisho. Aprili 1999, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Turin, Juventus waliwafunga Manchester United mabao mawili ndani ya dakika 11. Keane akarudisha moja kwa kichwa. Muda mfupi baadaye pasi ya mwenzake Jesper Blomqvist haikumfikia vizuri, naye katika kuupigania mpira huo akamchezea rafu Zinedine Zidane wa Juventus na kuoneshwa kadi ya njano, kadi ambayo, ikijumlishwa na za awali, ilimaanisha kwamba hata timu ikifuzu, yeye fainali ataitazama akiwa nje. Hapo ndipo mtu angekuwa na haki ya kuinua mikono hadi mawinguni. Alibaki na saa nzima ya kucheza kwa ajili ya mechi ambayo haitakuwa yake, akaicheza kama mtu asiye na deni kwa yeyote, na United wakashinda 3-2. Ndiyo, Keane alikuwa mkali, na wapo wenzake waliouonja ukali huo. Lakini ukali wake ulikuja nyuma ya miguu yake, haukutangulia.

Nalisema hili nikiwa na sababu yangu binafsi. Nilipokuwa beki wa kushoto katika timu ya vijana, nahodha wetu wa kwanza alikuwa mlinda lango. Siku moja nilimrudishia mpira bila kutazama, mshambuliaji akauwahi, tukafungwa. Niliinamisha kichwa nikisubiri matusi. Yeye akaingia wavuni, akauokota mpira, akaupiga kuelekea katikati ya uwanja, na alipopita karibu yangu akasema, "Nirudishie tena, usiache." Ni maneno matatu tu, lakini nilicheza dakika zilizobaki kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Msimu uliofuata kitambaa cha unahodha kikahamia kwa mshambuliaji wetu hodari, mfungaji mzuri na bingwa wa kuinua mikono. Ndani ya wiki chache nikajifunza sanaa ambayo hakuna kocha anayeifundisha, yaani sanaa ya kujificha uwanjani. Unajiweka nyuma ya mpinzani ili mwenye mpira asikuone, kisha unalalamika kwamba hukupewa. Ukiupata kwa bahati mbaya, unaupiga pembeni, kwa sababu hakuna nahodha aliyewahi kumwinulia mtu mikono kwa kutoa pasi ya mita 5 kwenda kando. Sikuwa peke yangu. Viungo wetu nao waliacha kutazama mbele, na mshambuliaji wetu, ambaye aliishi kwa pasi za mbele, akaanza kulalamika kwamba timu haina ubunifu. Hakuwahi kugundua kwamba ubunifu huo aliuua kwa mikono yake mwenyewe, na sisi hatukuwa na ujasiri wa kumweleza.

Hilo ndilo linaloniudhi katika sifa alizomwagiwa yule wa Jumamosi. Hasara yake haikwisha na lile bao moja. Kijana yule alikuwa mchezaji pekee kikosini aliyediriki kutafuta pasi ngumu, na kuanzia hapo hakuitafuta tena. Kila mpira uliomfikia aliurudisha alikotoka. Dakika ya 70 akatolewa kwa kosa la "kutocheza mbele". Nilicheka, ingawa si kwa furaha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba pasi ilikuwa mbovu. Nakubali pia kwamba kuna nyakati ambapo timu imelala na inahitaji mtu wa kuiamsha kwa sauti, na kwamba upole unaoacha kila uzembe upite nao ni utoro wa wajibu. Lakini anayeamsha wengine sharti awe yeye mwenyewe yuko macho.

Makocha nao wana lao. Kitambaa hugawiwa kwa umri, kwa jina, au kwa hofu kwamba nyota atanuna akikosa. Kisha tunashangaa. Timu ya Ufaransa iliyogoma kufanya mazoezi katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 haikuwa na uhaba wa majina makubwa. Ilirudi nyumbani na pointi moja.

Katika mpira wa kikapu kuna Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 akiwa na Boston Celtics, mitatu ya mwisho akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja. Watu wengi wanaozuia mpira unaotupwa kikapuni hupenda kuupiga kwa kishindo hadi kwa watazamaji, kwa kuwa kishindo kinashangiliwa. Yeye alisifika kwa kuuzuia kwa kipimo, ubaki ndani ya uwanja, mwenzake audake na shambulizi lianze. Kishindo kingemletea makofi, huku mpira ukirudi mikononi mwa wapinzani. Kila ninapofikiria bidii ya kweli ni ya namna gani, nauona mkono huo unaojizuia.

Na kama mtu anataka uchungu unaoonekana, basi autafute kwa Joseph Musonda, beki wa Zambia aliyeumia mapema katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012 na kutoka uwanjani akilia, akijua kwamba mechi ya maisha yake imekwisha kabla haijapamba moto. Zambia waliposhinda kwa penalti, kocha Hervé Renard alimbeba mikononi na kumpeleka kwa wenzake wakashangilie pamoja. Machozi yale hayakumlaumu mtu.

Jana usiku niliirudia video ya zile sekunde 6. Safari hii nilijilazimisha kutoutazama mpira wala kumtazama nahodha. Nilimtazama kijana. Alipokosea alikuwa mbali na lango lake kuliko karibu wenzake wote, lakini hakusimama hata kidogo. Aligeuka papo hapo na kukimbia kwa nguvu zake zote kurudi, akampita nahodha wake aliyeganda, akawapita viungo wawili waliokuwa wakitembea, na mfungaji alipopiga shuti, mguu ulionyooshwa mbele yake, ukiwa umechelewa kwa hatua moja tu, ulikuwa wa kijana yule.