Henoc Muamba na nafasi ambayo haikuwa sadaka

Mashabiki wa mpira wa kikapu wanaosoma Kiswahili hawahitaji kuelezwa Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa nani, na wengi wanamfahamu pia Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi. Jina la Henoc Muamba halijapata umaarufu huo kwetu, ingawa naye alizaliwa Kinshasa na alifika kileleni mwa mchezo wake, kwa sababu mchezo wenyewe ni futiboli ya Kanada, mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono unaofanana na futiboli ya Marekani, ambao magazeti yetu hayauandiki na televisheni zetu haziuonyeshi. Ninaandika makala hii kwa hoja moja ninayoiamini kwa dhati. Ligi ya Kanada imekuwa na kanuni ya kutenga nafasi kwa wachezaji wa Kanada, na wako wanaoiona kanuni hiyo kuwa sadaka kwa wasioweza. Mimi nasema kwamba yeyote mwenye mawazo hayo amtazame Muamba kwanza, mwaka hadi mwaka, kabla hajaendelea kusema.

Muamba alikuwa lainibeki, yaani mlinzi wa safu ya pili anayesimama hatua chache nyuma ya wenzake wanaosukumana mstari wa mbele. Ni lazima nieleze nafasi hiyo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa uzito wa hoja yangu umelala hapo. Uwanja wa Kanada una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, kwa hiyo ni mpana kuliko ule wa Marekani kwa zaidi ya yadi 11. Kila timu huingiza watu 12, na timu yenye mpira hupewa majaribio matatu tu ya kusogea yadi 10, wakati Marekani hupewa majaribio manne. Matokeo yake ni kwamba pasi hurushwa mara nyingi zaidi, tena kwa wapokeaji ambao sheria inawaruhusu kuwa tayari wanakimbia kwenda mbele kabla mpira haujaanza kuchezwa. Lainibeki wa kati hukabiliwa na yote hayo kwa pamoja. Ndani ya kufumba na kufumbua anapaswa kutambua kama kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu yenye mpira, atarusha pasi au atamkabidhi mwenzake mpira akimbie nao. Akikosea na kusogea mbele, pasi inapita juu ya kichwa chake, na akikosea na kurudi nyuma, mkimbiaji anapata njia pana katikati ya ulinzi. Zaidi ya hapo, kwa kawaida yeye ndiye anayepokea maelekezo ya kocha na kuwapanga wenzake kabla ya kila mchezo kuanza. Nguvu za kumwangusha mtu zinahitajika, lakini kinachomtenga lainibeki mzuri na wengine ni uwezo wa kuusoma mchezo.

Kwa miaka mingi klabu za Kanada zilikuwa na mazoea ya kuwakabidhi Wamarekani nafasi hiyo. Kanuni ilitaka walau wachezaji 7 kati ya 24 wanaoanza mechi wawe Wakanada, na makocha wengi waliitimiza kwa kuwapanga Wakanada katika safu ya mbele inayomlinda kotabeki, au kama wapokeaji wa pasi, au kama mabeki wa mwisho, wakidhani kwamba huko makosa yao yangeonekana kidogo. Vyuo vikuu vya Marekani vinatoa maelfu ya wachezaji kila mwaka, na sehemu kubwa yao hukosa ajira katika ligi ya nchi yao. Kwa klabu ya Kanada, kumchukua mmoja wao aliyekwisha kuiva kulikuwa rahisi kuliko kumlea kijana wa Ontario au Nova Scotia. Walikuwapo waliovunja mazoea hayo kabla ya Muamba, na mkubwa wao, kwa maoni yangu, ni Mike O'Shea, mwenyeji wa North Bay, aliyekuwa lainibeki na akapewa tuzo ya Mkanada bora wa ligi mwaka 1999. Hata hivyo, mmoja hawezi kubadilisha fikra za ligi nzima, na mazoea yaliendelea.

Muamba alipelekwa Kanada akiwa mtoto na akakulia Mississauga, jirani na Toronto. Alisoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier kilichopo Antigonish, mji mdogo wa Nova Scotia, ambako kaka yake Cauchy, naye beki aliyekuja kucheza ligi kuu, pia alipitia. Mwaka 2011, klabu za ligi zilipokaa kuchagua kwa zamu wachezaji chipukizi wa Kanada, Winnipeg Blue Bombers walikuwa na zamu ya kwanza na wakamchagua yeye mbele ya wengine wote. Tukumbuke kwamba zamu ya kwanza ni mali adimu ambayo klabu haiipati kila mwaka, na Winnipeg waliitumia kwa lainibeki kutoka chuo kisicho na umaarufu wowote nje ya nchi. Mwaka huohuo klabu ilifika fainali ya Kombe la Grey, kombe la ubingwa wa ligi, mjini Vancouver, ikafungwa na wenyeji BC Lions kwa pointi 34 kwa 23. Katika kikosi cha Lions siku ile alikuwamo lainibeki mwingine aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, Mmarekani Adam Bighill, na msomaji alishike jina hilo kwa sababu litarudi.

Msimu wa 2013 ndio unaonifanya nimheshimu Muamba kuliko hata msimu alioshinda kombe. Winnipeg walicheza mechi 18, wakashinda 3 tu na kupoteza 15. Katika timu iliyovunjika kiasi hicho yeye aliwaangusha wapinzani zaidi ya mara 100, na kura za tuzo ya Mkanada bora zilipopigwa alikuwa wa pili, nyuma ya Jon Cornish wa Calgary, ambaye mwaka huo alitwaa pia tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Nimewahi kusoma hoja kwamba takwimu za lainibeki katika timu dhaifu hazina thamani, kwa kuwa ulinzi wa timu kama hiyo hukaa uwanjani muda mrefu na hivyo nafasi za kuangusha watu ni nyingi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inasahau jambo la kibinadamu: mchezaji anayejua tangu Septemba kwamba msimu umeshaharibika hulazimika kuchagua kila wiki kama atakimbia yadi 20 kumfuata mtu ambaye kuangushwa kwake hakutabadilisha matokeo. Muamba alikimbia, na waliokuwa wakitafuta wachezaji kwa ajili ya ligi ya Marekani waliona.

Mwaka 2014 alijiunga na Indianapolis Colts, klabu ya ligi ya Marekani. Kuondoka kwake kulikuwa heshima kwake na kwa ligi aliyotoka, ila ulikuwa pia mwanzo wa miaka ya kuhamahama ambayo maelezo mafupi ya maisha yake huiruka. Alirudi Kanada mwaka 2015 kupitia Montreal Alouettes, mwaka 2017 alikuwa na Saskatchewan Roughriders, na mwaka 2018 alikuwa Montreal tena. Mikataba ya futiboli ya Kanada haina ulinzi mkubwa; klabu inaweza kumwacha mchezaji kabla ya msimu kuanza kwa sababu tu mshahara wake unabana bajeti, ambayo ligi imeiwekea ukomo kwa kila klabu. Jambo hili linapaswa kusemwa wazi kwa wanaodhani kwamba kanuni ya wachezaji wa Kanada ni mto wa kulalia. Kanuni inalinda idadi ya nafasi; haimlindi mtu. Mkanada aliyechaguliwa wa kwanza katika mwaka wake alilazimika kuthibitisha upya, mbele ya makocha wapya na katika mifumo mipya ya ulinzi, kwamba anastahili kuanza, na alifanya hivyo akiwa amekaribia umri wa miaka 30, ambapo malainibeki wengi miguu yao huwa imeanza kuwasaliti.

Kisha ukaja mwaka 2019. Alouettes walikuwa katika hali mbaya kiutawala: ligi yenyewe ilikuwa imeichukua klabu mikononi mwake ikitafuta mmiliki mpya, na kocha mkuu aliondolewa siku chache kabla ya msimu, nafasi yake ikachukuliwa na Khari Jones. Hakuna aliyetarajia mengi. Timu hiyo ilishinda mechi 10 na kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, na aliyeuongoza ulinzi wake kutoka katikati alikuwa Muamba. Tuzo ya Mkanada bora, iliyomponyoka miaka sita kabla, sasa ilikuwa yake. Mshindani wake katika kura za mwisho alikuwa Cameron Judge wa Saskatchewan, naye lainibeki. Msimu wa 2020 haukuchezwa kwa sababu ya janga la korona, na tuzo iliyofuata, ya mwaka 2021, ilikwenda kwa Bo Lokombo wa BC Lions, lainibeki aliyezaliwa Kongo na kukulia British Columbia, ambaye mwaka 2019 alikuwa akicheza pamoja na Muamba Montreal.

Ninaomba msomaji asipite haraka hapa. Tuzo mbili mfululizo za Mkanada bora zilichukuliwa na malainibeki, wote wawili wazaliwa wa Kongo, katika nafasi ambayo makocha walikuwa wakiamini kwamba Mkanada hawezi kuibeba. Uwezo huo haukuzuka ghafla mwaka 2019. Ulikuwapo siku zote katika vitongoji vya Mississauga na Abbotsford, mji wa British Columbia alikokulia Lokombo, na kilichokuwa kikikosekana ni sababu ya klabu kuutafuta. Kanuni iliwapa sababu: kocha anayelazimika kuwa na Wakanada 7 uwanjani atafika mahali atafute wapi Mkanada wake atamletea faida kubwa zaidi, na akimpata Mkanada mmoja anayeweza kucheza lainibeki wa kati, anapata uhuru wa kupanga Wamarekani mahali pengine ambako wapinzani wake wanabanwa. Hivyo ndivyo sheria ambayo wengi waliiona kuwa mzigo ilivyogeuka kuwa kichocheo cha kuvumbua vipaji.

Fainali ya tarehe 20 Novemba 2022 ilichezwa katika Uwanja wa Mosaic, Regina. Muamba alikuwa na umri wa miaka 33, akiwa na Toronto Argonauts, na hajawahi kushinda Kombe la Grey. Wapinzani wake walikuwa Winnipeg, klabu iliyomchagua miaka 11 kabla, ambayo ilikuwa imetwaa kombe mwaka 2019 na 2021 na sasa ilitaka la tatu mfululizo. Kocha wao alikuwa Mike O'Shea yuleyule, na lainibeki wao mkuu alikuwa Adam Bighill. Winnipeg waliongoza kwa pointi 23 kwa 14. Toronto walisogea, wakampoteza kotabeki wao McLeod Bethel-Thompson kwa jeraha, wakamwingiza Chad Kelly, na A.J. Ouellette alipouvusha mpira mstari wa mwisho ubao ukasoma 24 kwa 23. Zikiwa zimebaki dakika chache, Zach Collaros wa Winnipeg alirusha pasi katikati ya uwanja, na Muamba, aliyekuwa ameisoma, aliruka na kuinasa. Mechi haikuishia hapo, kwa kuwa shuti la pointi tatu la Toronto lilizuiwa na Winnipeg wakapata nafasi yao, ambayo nayo ilizimwa Robbie Smith alipozuia shuti lao la mwisho. Lakini bila ile pasi iliyonaswa, Winnipeg wangeshambulia na muda wa kutosha mikononi.

Baada ya mechi Muamba alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali na pia ile ya Mkanada bora wa fainali. Andrew Harris, mkimbiaji ambaye siku hiyo alikuwa mwenzake Toronto, alikuwa amezipata zote mbili mwaka 2019 akiwa na Winnipeg, na hilo linaipa hoja yangu nguvu zaidi: kipimo cha Mkanada bora na kipimo cha mchezaji bora kimekutana juu ya mtu mmoja zaidi ya mara moja, katika mechi kubwa kuliko zote, mbele ya Wamarekani wenye vipaji vya hali ya juu.

Wanaoipinga kanuni husema kwamba ligi ingekuwa bora kama kila nafasi ingegombewa bila kuangalia uraia. Naelewa mvuto wa wazo hilo, na sidhani kwamba wote wanaolisema wana nia mbaya. Tatizo lao ni kudhani kwamba bila kanuni ugombeaji ungekuwa wa haki. Mchezaji wa St. Francis Xavier anacheza mechi chache kwa msimu mbele ya watu wachache, wakati Mmarekani wa umri wake amelelewa na makocha wa kulipwa tangu sekondari. Kuwapima wote wawili siku ya kwanza ya mazoezi ni kupima mazingira waliyotoka. Alex Singleton, Mmarekani aliyehesabiwa Mkanada kwa upande wa mama yake, alikuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2017 kama lainibeki wa Calgary na baadaye akaanza mechi nyingi katika ligi ya Marekani, na Calgary walivutiwa naye kwa sehemu kubwa kwa sababu karatasi zake zilimwezesha kuhesabiwa katika idadi ile.

Ndiyo maana sikufurahishwa na makubaliano ya kazi ya mwaka 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji, yaliyofungua mlango kwa Wamarekani waliokaa muda mrefu katika ligi kuhesabiwa, kwa masharti, katika nafasi zilizokuwa za Wakanada. Chama kilikuwa na sababu zake, kwani wanachama wake wengi ni Wamarekani na uaminifu wao kwa klabu unastahili kulipwa. Lakini kocha atakapoanza kuutumia mlango huo, hatamwondoa mchezaji wa safu ya mbele inayomlinda kotabeki, mahali ambapo ameshazoea kumpanga Mkanada. Atamwondoa yule aliye katika nafasi yenye lawama nyingi, ambaye bado anajifunza kuusoma mchezo na ambaye kosa lake moja linaonekana na uwanja mzima. Huyo ni lainibeki kijana wa Kanada, katika mwaka wake wa pili au wa tatu, umri uleule ambao Muamba aliruhusiwa kukosea, kusahihishwa na kubaki uwanjani katika timu iliyoshinda mechi 3 kati ya 18.